Dzombo, rubani aliyehukumiwa kufa

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo.

Kama wenzangu wengi wa kazi hii hapa Nairobi, nililelewa na Asimov na Star Trek. Ungeniuliza ni Mkenya gani aliyeandika riwaya ya chombo cha angani, tena kwa Kiswahili, ningecheka. Halafu siku moja, hapa Riruta kando ya Naivasha Road, nikaona kwenye gunia la muuza vitabu kuukuu kitabu kisicho na jalada. Ndani kimeandikwa Walenisi. Nikadhani ni jina la Kiitaliano, jamani! Kumbe ni "wale ni sisi".

Mwandishi wake ni Katama Mkangi, mtu wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1944. Kazi yake ilikuwa kufundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alitoa riwaya ya Ukiwa mwaka 1975, kisha Mafuta mwaka 1984. Miaka miwili baadaye, serikali ya Moi ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, Mkangi akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika msako uleule alizuiliwa Kariuki Gathitu, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta wa chuo hichohicho. Sisi tunaojiona watu wa mashine tu, tusiohusika na siasa, hilo jina tulikumbuke.

Walenisi ilitoka mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa sababu ya kusema ukweli, na adhabu yenyewe ni kupandishwa kwenye chombo cha angani asichojua kukiendesha. Yaani wakubwa hawahitaji kitanzi, ujinga wa mshtakiwa unawatosha! Lakini Dzombo anatuliza moyo, anajifunza kukiongoza, na anafika Walenisi, nchi ambako watu wanaishi kwa usawa.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Shule niliyosoma ilikuwa na chumba cha kompyuta. Tulivua viatu mlangoni, mashine zimefunikwa vitambaa kama maiti, na mwalimu akituonya kwamba atakayegusa kitu asichokijua atalipa mzazi wake. Muhula mzima nilijifunza kuogopa. Nilipokuja kuandika programu, kazi ya kwanza ilikuwa kuuondoa woga huo, na sijui kama umeisha wote. Mkangi hakuwa fundi, wala hajishughulishi sana na injini. Ila alijua kwamba mashine usiyoielewa ni silaha mkononi mwa anayekutawala, na hilo sikulipata kwa Asimov.

Hakuanzia hewani. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alikwisha kumsimamisha Karama mbele ya baraza la nchi iliyo angani, ajitetee kwa hadithi za wajumbe. Karama bado anashtakiwa. Dzombo ameshahukumiwa, na mwandishi wake alikuwa ameshaonja kizuizi.

Nisidanganye, tukishafika Walenisi penyewe kitabu kinachosha mahali. Wenyeji wanaeleza mfumo wao kirefu, profesa anasikika nyuma ya pazia, na mimi nikawa namtamani tena Dzombo na usukani wake. Nafikiri Mkangi hakujali. Alitaka nchi hiyo iwepo kweli. Mwaka 1997 aliwania urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress. Moi akashinda. Mkangi alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.

Nakala yangu nimemwazima kijana mmoja wa hapa Satellite anayejifunza kuandika programu. Juzi usiku wa manane akanitumia ujumbe: amefika pale Dzombo anaporushwa, je, anakufa?

Sijamjibu.