Bunda ilipotangulia kwenye programu huria

Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza mfumo endeshi mdogo ambao baadaye dunia iliuita Linux. Kumbukumbu ya siku hiyo hupita kimya mkoani Mara, na Bunda haikustahili ukimya huo. Miaka ya 2000 wilaya za Bunda na Serengeti zilichaguliwa kuwa uwanja wa majaribio ya intaneti ya kasi vijijini, chini ya mradi wa ICT4RD wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden.

Tanzania ilikuwa imetoka mbali. Hazina ilipata kompyuta mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ikazuia uingizaji wa mashine hizo. Miaka ya 1980 zuio likalegea.

Huko Ulaya, Linux ilipingwa mapema na msomi mmoja. Andrew Tanenbaum wa Amsterdam ndiye aliyeandika MINIX, mfumo mdogo wa kufundishia uliotoka mwaka 1987, na Torvalds alijifunzia humo. Januari 29, 1992, Tanenbaum aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati. Alitaka kiini cha mfumo kiwe chembamba, huku utunzaji wa mafaili na uendeshaji wa vifaa vikikaa nje, kila kimoja kwa nafasi yake, ili kimoja kikianguka vingine visife. Torvalds alikuwa amevirundika vyote ndani ya kiini kimoja. Profesa akamwambia kwamba angekuwa mwanafunzi wake asingepata alama nzuri. Kijana huyo wa miaka 22 alikuwa amemjibu kwa ukali siku ileile ya Januari 29, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia. Hoja yake hakuirudisha: Linux inafanya kazi, tena ni ya bure.

Hoja hiyo ya pili ndiyo iliyoibeba Linux hadi mikoani kwetu. Dk. Amos Nungu, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliandika kuhusu mitandao ya vijijini, ukiwemo wa Bunda na Serengeti, pamoja na watafiti Björn Pehrson na Robert Olsson. Olsson ni miongoni mwa waundaji wa Bifrost, Linux iliyopunguzwa hadi ikaenea kwenye flashi na kuigeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta. Vipande vyake ni vichache: kiini, programu ya kuulizana njia na ruta jirani, ukuta wa kinga, na mlango wa fundi kuingilia akiwa mbali. Ndani ya kiini mna kazi nyingine ya Olsson na wenzake, NAPI. Zamani kila pakiti ya data ilipofika ilikatiza kazi ya prosesa. Pakiti zikifurika, mashine ilishinda ikiitika hodi tu. NAPI huzima hodi hizo wakati wa mafuriko, prosesa ikaenda yenyewe kuchota pakiti kwa mafungu.

Kisha ukaja Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, simu za mkononi zikaenea, na jaribio la Bunda likasahaulika. Ni aibu yetu sote. Chuo Kikuu cha Mwalimu Nyerere cha Kilimo na Teknolojia, Butiama, kiingize historia hii darasani. NAPI bado imo ndani ya Linux, na mwanafunzi yeyote anaweza kuifungua na kuisoma mstari kwa mstari bila kulipa hata shilingi.