GIF yakaribia miaka 40: Picha iliyonusurika ugomvi wa hataza, na deni letu kwa wanafunzi wa Chato

JUNI 15, 2027, aina ya faili inayoitwa GIF itatimiza miaka 40. Wengi wanaoitumia kila siku hawaijui kwa jina. Wanaijua kama ile picha ndogo inayochezacheza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mtoto anayecheka, ua linalochanua, mshumaa unaowaka juu ya keki. Ikifika mwisho inaanza tena yenyewe, bila kubonyezwa.

Hapa Chato, kuanzia mwaloni Muganza hadi madukani Buseresere, picha hizi zinapita kwenye simu asubuhi na jioni. Tunatumiwa, nasi tunawatumia wengine. Wanaozitengeneza ni wachache mno, na wanafunzi wetu, ambao wangeweza kuanzia hapo kuijua kompyuta kwa mikono yao, wengi hawajawahi kuambiwa kwamba jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wao.

Inafaa basi kueleza GIF ilitoka wapi. Historia yake ni ya watu waliozuiwa kwa karatasi zaidi ya kuzuiwa na mashine, na katika hilo inafanana kwa kiasi fulani na historia ya kompyuta katika nchi yetu.

Picha kwenye waya wa simu

Mwaka 1987, kampuni ya CompuServe ya Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, ilikuwa ikiunganisha kompyuta za majumbani kwa waya wa simu. Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi picha, na iliyotengenezwa kwenye mashine moja haikufunguka kwenye nyingine. Bosi mmoja wa CompuServe, Alexander Trevor, alitaka aina moja ya faili ambayo mashine zote zingeielewa. Kazi akapewa mhandisi wake, Steve Wilhite.

Tatizo kubwa lilikuwa kasi. Picha yenye upana wa nukta 320 na urefu wa nukta 240, ikiwa na rangi 256, ina baiti 76,800. Kwa modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, picha hiyo moja ilihitaji zaidi ya dakika nne kufika, na mteja alikuwa akilipia muda wote anaosubiri.

Wilhite akaibana picha kwa njia iitwayo LZW. Herufi hizo ni za majina ya Lempel na Ziv, wataalamu wa Israeli waliochapisha msingi wake mwaka 1977 na 1978, na Terry Welch, Mmarekani aliyeiboresha mwaka 1984. Kompyuta inajitungia kamusi ya mifuatano ya nukta inayojirudia. Badala ya kuandika bluu mara mia tatu, inaandika alama moja inayosimama badala ya mfuatano mzima. Ndiyo maana mchoro wenye anga la rangi moja na ziwa la rangi moja unabanika vizuri, na picha ya umati gulioni iliyopigwa kwa simu inabanika kwa shida.

Mwaka 2013 Wilhite aliliambia gazeti la New York Times kwamba picha ya kwanza aliyoiweka kwenye GIF ilikuwa ya ndege. Chato ya leo ina uwanja wake wa ndege. Chato ya mwaka 1987 ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, na kompyuta ilikuwa habari ya Dar es Salaam.

Mwaka 1989 ulitoka mwongozo mpya, GIF89a, uliowezesha kusema kila picha ndani ya faili moja ionekane kwa muda gani. Hata hivyo, mwongozo huohuo ulitamka wazi kwamba GIF haikukusudiwa kuwa jukwaa la picha jongefu, ingawa jambo hilo linawezekana kwa kiasi kidogo. Toleo la pili la programu ya Netscape, lililoanza kujaribiwa mwaka 1995, likaongeza amri ya kurudia picha bila kikomo. Kufikia mwaka 1996 mtoto wa kompyuta aliyekuwa akicheza dansi ameizunguka dunia, na Wilhite mwenyewe alisema huyo ndiye aliyempenda kuliko GIF zote.

Huku kwetu, amri ya 1974

Wakati hayo yakitokea, Tanzania ilikuwa ikitoka katika kipindi ambacho vijana wengi leo hawakijui. Klodwig Mgaya, aliyeandika mwaka 1994 kuhusu maendeleo ya teknolojia ya habari nchini, anaeleza kuwa kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta uliishia kwenye vurugu na hasara, na wizara ikarudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974, nchi nzima ikiwa na kompyuta chache za kuhesabika, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu.

Sababu zilieleweka. Fedha za kigeni zilikuwa haba, wataalamu hawakuwapo, na mashine ilikuwa imeshaitia aibu wizara. Lakini mlango uliofungwa kwa sababu ya hesabu za serikali uliwafungia na wengine wote: mwalimu, mchoraji na mwanafunzi. Masharti yalilegea taratibu uchumi ulipofunguliwa, na Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ikaja mwaka 2003. Kizazi kizima kilimaliza shule bila kugusa kibodi.

Ugomvi wa hataza

Marekani nako kulikuwa na karatasi. Terry Welch alipoandika makala yake ya mwaka 1984, mwajiri wake, kampuni ya Sperry, alikuwa ameshaomba hataza ya njia ile tangu Juni 20, 1983. Hataza ilitolewa Desemba 10, 1985. Mwaka uliofuata Sperry ikaungana na Burroughs, ikazaliwa Unisys, na hataza ikawa mali yake.

CompuServe waliichukua njia hiyo kutoka kwenye makala iliyochapishwa, bila kujua kwamba kulikuwa na hataza. Wakaigawa GIF bure kwa yeyote. Kwa miaka saba watu waliandika programu, wakatengeneza picha, wakazijaza kwenye mtandao, na hakuna aliyebisha hodi.

Kisha, siku chache baada ya Krismasi ya mwaka 1994, ikatoka taarifa kwamba Unisys na CompuServe wamekubaliana: anayeuza programu inayotengeneza au kusoma GIF atalipia leseni. Wakati taarifa inatoka, ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Watengenezaji waliporudi kazini walikuta kitu walichodhani ni cha wote kina mwenyewe.

Hasira zikapanda. Wapo waliosema Unisys imevizia mpaka shamba la watu likomae ndipo ije kudai ardhi. Unisys nao walikuwa na lao: kazi ilikuwa ya mtaalamu wao, hataza ilikuwa halali, na sheria haimsamehe mtu kwa kutoijua. Wote walikuwa na hoja, na ndiyo maana ugomvi haukuisha haraka.

Jibu la maana zaidi lilikuja mapema Januari 1995, pale Thomas Boutell alipotoa rasimu ya aina mpya ya faili isiyogusa hataza ya mtu. Watu wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana, waliiboresha kwa kuandikiana, na Oktoba 1996 ikatoka rasmi kwa jina la PNG. Ilibana picha vizuri zaidi na kuhifadhi rangi nyingi kuliko zile 256 za GIF. Wengi wakaamini GIF imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu PNG ilibeba picha moja tu, nayo imesimama. Kilichoiokoa GIF ni ule mchezo wa kutembea ambao waandishi wa mwongozo wa 1989 waliudharau.

Mwaka 1999 Unisys wakawasha moto upya. Safari hii waliwageukia wenye tovuti: anayeweka GIF zilizotengenezwa kwa programu isiyo na leseni alitakiwa kulipa dola 5,000 au zaidi. Watetezi wa programu huru wakatangaza Novemba 5, 1999 kuwa siku ya kuchoma GIF zote, wakiwahimiza watu wazifute na kuweka PNG. Wasambazaji wa Debian, mfumo huru wa kompyuta, walikitenga kipande cha programu ya GIMP kinachoshughulikia GIF na kukiweka kwenye fungu la vitu visivyo huru.

Jambo hilo linachoma zaidi ukijua GIMP ilivyoanza. Ni programu ya kuhariri picha iliyotungwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990. Kazi ya wanafunzi, waliyoigawa bure, ilikatwa kiungo kwa sababu ya hesabu zilizoombewa hataza wakati wenyewe ni watoto.

Hataza iliisha muda Marekani Juni 20, 2003, na mwaka uliofuata ikaisha Ulaya na Japani. Tangu hapo GIF ni ya kila mtu, na wa Chato wamo.

Yaliyofuata

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Simu janja zikaenea, na mwaka 2016 WhatsApp ikaanza kupokea GIF. Kampuni ya Giphy, iliyoanza mwaka 2013 kwa kuwasaidia watu kutafuta picha hizi, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2020 kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 400, ikauzwa kwa Shutterstock mwaka 2023 kwa dola milioni 53. Wilhite alifariki dunia Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 74.

Dagaa katika fremu nane

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Chato kompyuta ya zamani yenye GIMP, programu ambayo mwalimu anaweza kuja nayo kwenye flashi. Intaneti haihitajiki, wala bando. Mwambie achore wavuvi wa dagaa usiku: ziwa, mtumbwi, karabai.

Atachora tabaka la kwanza, alinakili, ausogeze mtumbwi kidogo, na kuendelea hivyo hadi tabaka la nane. Kila tabaka ni fremu moja. Kwenye jina la tabaka ataandika ndani ya mabano 200ms, yaani fremu ikae sehemu moja ya tano ya sekunde. GIF yenyewe hupima muda kwa sehemu ya mia ya sekunde. Akihifadhi kwa haraka, huenda mtumbwi ukaacha mkia wa mitumbwi ziwani, minane kwa mpigo. Kosa hilo ni somo tosha: fremu zimewekwa kujazana juu ya nyingine badala ya kila moja kuifuta iliyotangulia, na anatakiwa kurudi kuchagua upya.

Akitaka taa iangaze maji kwa vivuli vingi, rangi 256 zitamgomea, na atajifunza kuchagua. Akiona faili limekuwa kubwa, atapunguza vivuli vya ziwa na kuona linavyopungua. Hapo ameielewa LZW bila kuisoma. Mwenzake wa Bwanga anaweza kuchora winchi ya mchimbaji mdogo ikipandisha kiroba kutoka kwenye duara, na wa tatu mapigo ya moyo kwa somo la baiolojia. Hesabu, sanaa na sayansi zinakutana kwenye faili moja.

Kwamba Watanzania wanaweza hilo halina ubishi. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, na James Gayo alitupa Kingo. Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha Ubongo Kids kwenye TBC mwaka 2014, na vibonzo vyake vya Kiswahili vinafundisha hesabu na sayansi hadi nje ya mipaka yetu. Waliovichora walianza na picha moja iliyosogezwa kidogo.

Sasa tuambiane ukweli. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi viligawiwa kwa walimu. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu limeupa mkondo wa amali nafasi ambayo haukuwa nayo, na mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024. Bado katika shule nyingi somo la kompyuta linafundishwa ubaoni: mwanafunzi anachora kipanya kwenye daftari na kukariri sehemu za kompyuta, huku kompyuta zenyewe zimefunikwa vitambaa na ufunguo wa chumba uko kwa mtu mmoja anayeogopa ziharibike.

Woga huo ni mdogo wake wa amri ya 1974. Ile angalau ilikuwa na sababu za uchumi. Huu wa sasa unalinda mashine zinazozeeka bila kutumika, na hakuna Unisys wa kusingizia. Wakuu wa shule na maofisa elimu wa Chato hawahitaji mfadhili wala waraka kutoka Dodoma ili kuanza. Watenge vipindi viwili kwa wiki, waweke GIMP kwenye mashine zilizopo, na kila mwanafunzi wa somo la kompyuta atoe picha jongefu moja kwa muhula, isahihishwe na ipewe alama kama kazi nyingine yoyote ya darasani.