Tanuri za Buhaya na Swali la Nani Hakujua

Wanaosimulia historia ya elimu ya Ulaya kabla ya enzi ya viwanda hupenda kuanzia kwenye vitabu. Mwaka 1556 kilichapwa De re metallica cha Georgius Agricola, kitabu kinene chenye michoro ya migodi, mivukuto na tanuri. Kinachosahaulika ni kwamba wahunzi wa Ulaya walifua feleji kwa karne nyingi bila kujua hasa inatofautianaje na chuma cha kawaida. Wengi waliamini kuwa ni chuma kilichotakaswa zaidi. Mwaka 1786 ndipo Wafaransa watatu, Vandermonde, Berthollet na Monge, walipoonyesha kuwa siri iko kwenye kaboni, kwamba feleji ni chuma kilichoongezewa kitu, wala si kilichoondolewa uchafu tu. Hakuna anayewaita wahunzi wa Toledo wajinga kwa sababu hiyo. Panga zao zinawatetea. Nadai kipimo hichohicho kitumike kwa wahunzi wa Kihaya wa Bukoba na Muleba, Tanzania.

Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, na Donald Avery, mhandisi wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama walivyofanya ujanani. Wazee walichimba shimo, wakachoma ndani yake matete ya bwawani mpaka yakawa mkaa, kisha wakasimamisha juu yake tanuri la mabonge ya mavi ya chuma na udongo wa kichuguu. Mabomba ya udongo yaliingizwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, mivukuto ikafungwa kwa nje. Hapo ndipo penye ufundi. Kwa maelezo ya watafiti hao, hewa ilipata joto ikipita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na moto, kabla haijaugusa mkaa, na matete yale yakachangia kaboni. Kilichotoka kilikuwa na feleji ndani yake. Taarifa yao ilichapwa katika jarida la Science mwaka 1978, pamoja na maelezo ya mabaki ya tanuri za kale yaliyofukuliwa Kemondo. Kwa kulinganisha, Uingereza ilianza kupasha moto hewa ya tanuri zake kwa hataza ya James Neilson ya mwaka 1828.

Wapo wataalamu waliopinga, na hoja zao ni za kupimwa. Wanasema hewa haikai ndani ya bomba muda wa kutosha kupata joto kubwa, na kwamba viwango vya joto vilivyotangazwa vimezidishwa. Hata tukiwakubalia yote hayo, feleji inabaki. Hoja ya pili ni ya tarehe. Kijijini Katuruka wazee walimwelekeza Schmidt kwenye mti wa Kaiija, ambao masimulizi yanauhusisha na ufuaji chuma wa Mukama Rugomora Mahe, mtawala wa karne ya 17. Chini yake palikutwa mabaki ya ufuaji yenye umri mkubwa mno kuliko mtawala huyo. Schmidt aliyaweka karne kadhaa kabla ya Kristo. Wakosoaji wanaonya kwamba mkaa wa mti mzee hutoa umri mkubwa kuliko ule wa moto wenyewe. Ni onyo la haki. Lakini halifuti kwamba simulizi la mdomo lilimpeleka mtafiti mahali penyewe.

Zito zaidi ni pingamizi la usiri. Maarifa ya abahesi, yaani wahunzi wa Kihaya, yalizungushiwa miiko, wanawake wakawekwa mbali na tanuri, na mafunzo yakapita ndani ya koo. Je, elimu iliyofichwa ni elimu? Venice iliwahamishia mafundi wake wa kioo kisiwani Murano mwaka 1291 na ikawazuia kuhama na siri zao, na bado ustadi wao tunauita elimu. Sikatai kwamba usiri una gharama. Fundi akifa bila mrithi, kinakwisha alichokijua.

Buhaya mrithi alikosekana kwa sababu mbili zilizokuja karibu pamoja. Majembe ya chuma kutoka Ulaya yalishusha bei mpaka kazi ya siku nyingi ya kuchoma mkaa ikawa haina faida. Halafu heshima ya usomi ikahamia kwingine. Katika seminari ya Rubya, Ihangiro, ambayo leo iko Muleba, kijana mwenye akili alisomeshwa Kilatini, na kilimfaa: Laurean Rugambwa alipita hapo kabla ya kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Neno langu si juu ya Kilatini. Ni juu ya mhunzi ambaye katika miaka hiyohiyo hakuonekana kuwa mtu wa kuulizwa. Ujinga wa aina hii hauzaliwi na watu kukosa akili. Huzaliwa pale jamii inapoamua kwamba fulani hana cha kufundisha.

Watafiti walipofika, tanuri zilikuwa zimezimwa kwa takriban nusu karne, na walioziwasha tena walikuwa wakongwe wakikumbuka kazi ya ujana wao. Kwa hiyo ubishi kuhusu joto la hewa ndani ya yale mabomba hauwezi tena kupelekwa kwa mtu anayeifanya kazi hiyo kila msimu, mwenye kujua kwa rangi ya moto lini aongeze mkaa na lini apumzishe mivukuto.