Kiti cha Chini, Karibu na Bwana

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni, shambani, au ndani ya gari ukielekea kazini, karibu tukae pamoja kwa dakika chache mbele za Mungu. Ukiwa na Biblia yako, fungua Kitabu cha Hesabu, mlango wa 12, tangu mwanzo wake.

Hapo twawakuta Miriamu na Haruni wakimnung'unikia ndugu yao Musa. Walianza na habari ya mke wake Mkushi, lakini neno lililokuwa moyoni lilikuwa jingine. Walitaka kujua kwa nini Musa ahesabiwe kuwa msemaji wa Mungu kuliko wao, hali Mungu alikuwa amesema nao pia. Lilikuwa shauri la vyeo. Na katikati ya manung'uniko hayo twaambiwa ya kwamba hapakuwa na mtu mnyenyekevu kama Musa. Kisha Mungu mwenyewe anashuka, anasema kwamba manabii wengine huwapa ndoto na maono, bali Musa husema naye waziwazi, kama watu wawili walioketi pamoja.

Ndugu yangu, tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa jirani. Aliyekuwa mnyenyekevu kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu na Mungu kuliko wote. Mimi naamini jambo hili halikutokea kwa bahati. Unyenyekevu wa kiongozi wa kiroho si adabu anayojifunza ili watu wampende. Ni alama inayobaki juu ya mtu akaaye karibu na Mungu.

Leo nataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa Afrika yetu ambaye alama hiyo ilionekana juu yake. Jina lake ni Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Ujana wake ulikuwa wa misukosuko. Alijifunza kwanza dini ya Kiislamu, kisha akasikia mafundisho ya wamisionari, na katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kati ya mwaka 1888 na 1892 alikuwa askari. Mwaka 1895 akabatizwa, akachukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa mzaha, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alikuwa akivaa koti jekundu la kiaskari pamoja na kanzu yake. Mwaka huo huo wa 1895 alitumwa kwenda Toro, magharibi ya Uganda, kuwa mwalimu wa Injili.

Mbele ya Toro, ng'ambo ya mto Semliki, kulikuwa na nchi iitwayo Mboga, ambayo leo ni sehemu ya Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia huko. Watu wakakataa kuwauzia chakula, na njaa ikawarudisha. Palipokuwa na haja ya mtu mwingine wa kwenda, Apolo alijitoa. Alivuka akafika Mboga mwaka 1896.

Mtemi wa Mboga, jina lake Tabaro, alimpokea vizuri mwanzoni. Lakini Apolo alipoanza kusema juu ya pombe, na wake wengi, na uchawi, mambo yakageuka. Watu wakamnyima chakula. Nyumba yake ikachomwa moto. Akapigwa. Naye hakuacha. Nasema hivi kwa sababu wako wanaodhani mnyenyekevu ni mtu asiye na mgongo, mtu anayeitikia kila neno la mkubwa. Apolo hakuwa hivyo. Alinyenyekea mbele za Mungu, na kwa sababu hiyo hakuhitaji kujipendekeza kwa mtemi.

Ndipo likatokea jambo la huzuni. Apolo alikuwa akikata nyasi za kujengea. Dada yake Tabaro alijikwaa, akaangukia mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro aliona kwamba amepata sababu. Apolo akafungwa, akapelekwa Toro kwa serikali ya Waingereza kama muuaji, akatiwa gerezani.

Fikiri juu ya mtu huyo, msikilizaji wangu. Amefanya mema, na sasa yumo kifungoni. Hana cheo. Wakati huo hakuwa hata shemasi. Na katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Kristo alimtokea usiku, aking'aa kama jua, akamtia moyo ya kwamba yu pamoja naye. Karibu yote yaliyomfanya Apolo kuwa mtu mkubwa machoni pa Kanisa yalikuja baada ya usiku huo. Alipewa kwanza Bwana mwenyewe. Vyeo vilifuata.

Kesi yake ilipochunguzwa akaachiliwa huru. Angeweza kukaa Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga, kwa watu wale wale na kwa Tabaro yule yule. Na Tabaro, aliyempeleka kifungoni, akaja kuamini, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Hapa kumbuka tena somo letu. Miriamu alipopigwa na ukoma kwa ajili ya manung'uniko yake, Musa hakusimama pembeni akisema, umeyataka mwenyewe. Alimlilia Mungu amponye. Mtu aliye karibu na Mungu hana muda wa kulipa kisasi, kwa kuwa macho yake yanatazama mahali pengine.

Mwaka 1900 Apolo akafanywa shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Hakuoa. Mchumba wake alifariki, naye akaamua kubaki hivyo ili awe huru kwa kazi. Aliishi maisha rahisi, akiwatunza vijana na watoto katika nyumba yake. Wakoloni walipoweka mipaka yao, Mboga ikahesabiwa kuwa Kongo ya Wabelgiji, lakini kwa Apolo watu walikuwa ni watu, upande huu na upande huu.

Alipokaribia umri wa miaka 60, umri ambao wengi wetu tunaanza kuuliza habari za kustaafu, alisimulia ya kwamba Kristo alimjia tena, akasimama kando yake kama ndugu, akamwambia aende kuhubiri msituni. Sikiliza neno hilo: kama ndugu. Huyu ni mzee aliyetembea na Bwana kwa miaka mingi hata akamjua hivyo. Basi mwaka 1921 akaanza kazi miongoni mwa Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, ambao jirani zao wengi waliwadharau. Akaingia msituni. Akaketi nao. Mwalimu huyu mzee akawa mwanafunzi wa lugha yao, na kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko katika lugha hiyo ikaanza.

Mwaka uliofuata, 1922, Kanisa lilimpa heshima kubwa, akafanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Hapo ndipo wengi wetu tungehamia mjini. Kanoni Apolo alirudi Mboga na msituni. Heshima hiyo haikumwondoa mahali pake hata hatua moja.

Sasa niruhusu nikwambie jambo juu yangu mwenyewe, maana si haki nikuhubirie habari za Apolo nami nikajificha nyuma yake.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye maziko. Chini ya hema palikuwa na viti vya wageni waheshimiwa, nami nikaketi katika kimoja cha mbele, nikiwa na joho langu na Biblia yangu. Aliyekuwa akiongoza kipaza sauti akawataja wageni mmoja mmoja. Akamtaja diwani, akamtaja mwalimu mkuu, akawataja wazee wa ukoo. Mimi hakunitaja. Halafu, muda ulipokuwa umekwisha, akaniambia nihubiri kwa dakika tano.

Nilihubiri. Nadhani nilihubiri vizuri. Lakini ndani nilikuwa nikichemka kama sufuria. Niliporudi nyumbani, mke wangu akaniuliza, "Yule mama mjane yu hali gani?" Nikanyamaza. Sikujua. Nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka kwake kwa saa tatu, na sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa nikihesabu majina.

Usiku ule nilipiga magoti, na sala haikutoka. Nikajiuliza ni tangu lini nimeomba kwa sababu nataka kuwa na Mungu, wala si kwa sababu nina mahubiri ya kutayarisha. Nikaona ya kwamba muda ulikuwa mrefu. Kazi ya Mungu niliifanya kila siku, lakini Mungu mwenyewe nilikuwa nimeacha kumtembelea. Ndipo nikafahamu kwamba lile la hema halikuwa ugonjwa wenyewe. Lilikuwa homa tu. Ugonjwa ulikuwa umbali. Asiyeshibishwa na uso wa Mungu atakuwa na njaa ya kutajwa na watu, na njaa hiyo haina mwisho.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama, bila joho. Tuliketi jikoni kwake juu ya vigoda. Hakuniita kwa cheo changu. Aliniita "mwanangu," akanipa chai, akanieleza habari za mumewe. Nilipoomba pamoja naye, sala ilitoka.

Ndugu zangu mnaoongoza, wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama na wa vijana, nataka niwaachie mambo matatu.

Kwanza, usianze kwa kutafuta unyenyekevu. Ukiutafuta wenyewe utapata ule wa maneno, ule wa kusema, mimi si kitu, huku ukisubiri watu wakukatalie. Mtafute Mungu. Tenga saa yako naye kabla watu hawajakuita. Musa hakushuka mlimani akijitazama. Twasoma katika Kutoka 34 ya kwamba hakujua kuwa uso wake unang'aa. Wengine ndio walioona.

Pili, jipime kwa jinsi unavyokaa na wadogo. Ni rahisi kuwa mpole mbele ya Askofu. Swali ni jinsi unavyosema na anayefagia kanisa, na mtoto asiyejua sala, na mjane asiye na sadaka ya kukupa. Apolo alipimwa katika msitu wa Wambuti, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Tatu, ukidhulumiwa, na ukisahauliwa, usikimbilie kujitetea kabla hujaomba. Iko siku ya kusema kweli mbele ya baraza, wala sisemi mtu akubali kila uonevu. Lakini mwombee Miriamu wako kwanza. Rudi Mboga yako, ikiwa Bwana anakutuma.

Paulo Mtume, katika barua yake kwa Wafilipi mlango wa 2, anatuonyesha chanzo cha haya yote. Kristo hakung'ang'ania enzi yake. Alishuka, akatwaa hali ya mtumwa, akatii hata msalabani. Kwa hiyo tukishuka hatumwachi Bwana nyuma yetu. Huko chini ndiko alikokwisha kutangulia. Kiti cha chini ndicho kilicho karibu naye.

Apolo Kivebulaya alifariki huko Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, upande wa msitu mkubwa wa Kongo, ili hata kaburi lake lishuhudie kwamba Injili ingali na safari mbele. Mtu mwingine angeagiza jiwe kubwa lenye jina lake. Yeye aliwaza kazi ya Bwana na watu ambao hawajafikiwa. Kutoka kijiji kile Kanisa la Anglikana likaenea Kongo, hata mwaka 1992 likawa jimbo kamili lenye Askofu wake Mkuu. Wengi wanaoabudu humo hawakumwona Apolo, lakini wanakula matunda ya shamba alilolima.

Mpenzi msikilizaji, leo huenda kuna mahali ambapo hukutajwa jina. Usiibebe hasira hiyo hadi jioni. Ingia chumbani mwako, funga mlango, na umwambie Baba. Yeye analijua jina lako.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyewaosha wanafunzi wako miguu, utusamehe sisi tuliopenda viti vya mbele kuliko kukaa nawe. Utuvute karibu. Waponye wale tuliowapita bila kuwatazama. Utufundishe kukutumikia mahali ambapo hatuonekani, na utupe wewe mwenyewe kuwa thawabu yetu. Kwa jina lako takatifu. Amina.