Mai ya Simba na askari asiyeamini

Waasi wa Simba walipouteka mji wa Kindu, hapa Kongo, mwezi Julai 1964, wengi wao walikuwa na mikuki na panga tu. Silaha waliyoitegemea ilikuwa mai, yaani dawa ya kujikinga na risasi. Mpiganaji alichanjwa, akanyunyiziwa dawa, akaahidiwa kwamba risasi zitageuka maji, mradi asiibe, asiguse mwanamke wala asiogope. Askari wa serikali wakakimbia, kwa kuwa nao waliiamini dawa hiyo hiyo. Ushindi wa namna hiyo ndio unaowafanya wengi waseme kwamba askari asiye na imani hafai vitani. Nabisha. Novemba mwaka huo huo safu ya Kanali Vandewalle, yenye mamluki na msaada wa ndege, iliurudisha mji mikononi mwa serikali. Ilipokutana na watu wasioiogopa, mai haikuzuia kitu.

Aprili 1965 Che Guevara, Mmarx asiyeamini Mungu, alivuka Ziwa Tanganyika na Wacuba wenzake kuja kuwasaidia waasi, akapewa jina la Tatu. Aliandika kuhusu hatari ya dawa: mpiganaji akifa, husemwa amevunja sharti, na mganga hakosei kamwe. Hapo ndipo penye uovu, kwa maoni yangu. Anayeshtakiwa ni maiti, na komanda aliyempeleka vitani bila mafunzo wala handaki haulizwi. Juni 29, katika shambulio la Bendera, wapiganaji wengi wa uasi walitawanyika. Wacuba wanne waliuawa. Utasema Wacuba nao walishindwa, wakaondoka Novemba. Ni kweli, kutoamini hakuleti ushindi. Ninachodai ni kidogo zaidi: wanne wale hawakuhitaji mai ili wasimame mbele ya risasi.

Wapo watakaojibu kwamba jeshi letu lina mapadre, wachungaji na maimamu wake, na kwamba Rais mwenyewe huapa mbele ya Mungu na taifa. Askari aliyempoteza mwenzake anastahili faraja hiyo, wala sitaki iondolewe. Lakini kiapo cha kifungu cha 74 cha Katiba kinamfunga Rais, hakimfungi koplo. Katiba hiyo ya 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba dola yetu haina dini, na kifungu cha 22 kinalinda dhamiri ya kila mtu, mwenye sare akiwemo. Makomanda wa jeshi letu, FARDC, hapa Maniema, mpimeni askari kwa utii wake na jinsi anavyowatendea raia; asiyetaka kuomba msimlazimishe.