Michezo ya Paralimpiki ilianzia wodini: maswali saba na majibu yake

Ukiwauliza watu Michezo ya Paralimpiki ilianzia wapi, wengi watakutajia uwanja fulani wa Ulaya. Jibu sahihi ni hospitali, na wachezaji wa kwanza walikuwa wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Jaribu kujibu kila swali mwenyewe kabla ya kusoma jibu.

1. Nani aliianzisha?

Ni Ludwig Guttmann, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Alizaliwa mwaka 1899 nchini Ujerumani katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939 alikimbilia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao ili kuuepuka utawala wa Hitler. Februari 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, alikabidhiwa kitengo kipya cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanajeshi vijana waliopooza.

2. Kwa nini majeruhi hao walikuwa wakifa?

Siku hizo aliyevunjika uti wa mgongo na kupooza hakutarajiwa kuishi sana. Wengi walifariki ndani ya miezi michache. Mara nyingi kilichowaua hakikuwa jeraha la mgongo. Mtu aliyepooza hahisi maumivu, hivyo akilala upande mmoja kwa saa nyingi damu haipiti vizuri, ngozi inakufa na vidonda vinachimbika. Vilevile mkojo usipotoka inavyotakiwa, maambukizi hupanda hadi kwenye figo.

Guttmann aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kibofu kitunzwe kwa usafi. Vifo vikapungua sana. Jambo hili lina faida hata nyumbani kwako leo: ukimuuguza mtu aliyepooza, mgeuze mara kwa mara, mkague ngozi ya makalio, mgongo na visigino kila siku, na ukiona wekundu au weusi usiokuwepo jana, usisubiri kidonda. Mpeleke kituo cha afya.

3. Michezo iliingiaje hospitalini?

Guttmann aliona kwamba kumponya mtu kisha kumwacha amelala akitazama dari hakutoshi. Akawaingiza wagonjwa katika mazoezi, na michezo ikawa sehemu ya matibabu. Ilijenga misuli ya mikono na kifua, ikawapa stadi ya kutumia kiti cha magurudumu, na zaidi ya yote ikawarudishia hamu ya kuishi.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, yeye aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mishale kwenye uwanja wa hospitali. Washiriki walikuwa 16 tu, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mwaka 1952 wakaja wanajeshi wa zamani kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa.

4. Paralimpiki ya kwanza ilifanyika lini, na jina lina maana gani?

Ilifanyika Roma, Italia, mwaka 1960, ikiwa na wanamichezo takribani 400. Neno «para» ni la Kigiriki, maana yake «kando ya». Yaani ni michezo inayokwenda sambamba na Olimpiki. Tangu Seoul mwaka 1988, michezo hiyo miwili ya kiangazi hufanyika katika mji mmoja.

5. Kwa nini kuna Paralimpiki ya kiangazi na ya baridi?

Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama. Mwezi Juni upande wa kaskazini huelekea jua na kupata kiangazi. Desemba huwa kinyume chake, na nchi nyingi za huko hufunikwa na theluji. Sisi tulio karibu na ikweta tunayatambua majira zaidi kwa mvua, masika na vuli, kuliko kwa theluji.

Paralimpiki ya kwanza ya baridi ilifanyika Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976. Na hapa kuna jambo ambalo wachache wanalijua: Mwafrika alikuwepo. Tofiri Kibuuka wa Uganda, asiyeona, alishindana katika kuteleza juu ya theluji. Baadaye aliiwakilisha Norway, safari hiyo katika mbio.

6. Asiyeona anakimbiaje?

Hukimbia na mwongozaji anayeona, wakiwa wameunganishwa kwa kamba fupi mkononi. Mwongozaji humwambia kona ilipo na wapinzani walipo, lakini haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho kabla yake.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi. Miaka mitano baadaye, Sydney, alikuwa akiongoza mbio za mita 5,000 mwongozaji wake alipoishiwa nguvu karibu na mwisho. Ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona. Walimaliza pamoja, na Wanyoike akapata dhahabu. Athens mwaka 2004 alishinda dhahabu mbili zaidi, mita 5,000 na mita 10,000.

7. Nani wengine wa Afrika Mashariki wamevuma?

Samwel Kimani wa Kenya, asiyeona, alishinda mita 1,500 London 2012 na Rio 2016. David Emong wa Uganda, mwenye ulemavu wa mkono, alipata fedha katika mita 1,500 Rio, kisha dhahabu Tokyo mwaka 2021. Rwanda ilipeleka timu ya wanaume ya mpira wa wavu wa kukaa London 2012, na ya wanawake Rio 2016. Katika mchezo huo wachezaji huketi sakafuni na wavu hushushwa chini.

Hao wote hawakupona ulemavu wao ndipo washinde. Kilichobadilika ni mambo yaliyowazunguka: kamba fupi na mwenzi wa kukimbia naye, wavu ulioshushwa, kiti cha magurudumu, kocha aliyekubali kuwafundisha. Kama kijijini kwenu yuko mtoto anayefichwa ndani kwa sababu hatembei au haoni, anza na shule. Onana na mwalimu mkuu au ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu, uulize kuhusu kuandikishwa na kuhusu vifaa vya kumsaidia. Wenzake wakienda kucheza, naye atoke. Mpira wenye njugu ndani yake humwezesha asiyeona kuusikia unapopita, na hata wa kutengeneza nyumbani unatosha kuanzia.