Ujifunzaji shirikishi mtandaoni

Ujifunzaji shirikishi mtandaoni ni mbinu ya elimu ambapo wanafunzi walio mahali mbalimbali hujadili swali moja kupitia intaneti hadi wafikie jibu ambalo hakuna aliyekuwa nalo mwanzoni. Kupakua mihadhara na kuikariri si sehemu ya mbinu hii.

Chimbuko. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alifundisha kuwa fikra za mtu hukua kwa kushirikiana na wengine. Katika miaka ya 1980, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter wa Kanada walibuni CSILE, programu iliyowawezesha wanafunzi kuandika hoja zao mahali pamoja na kuendeleza za wenzao. Linda Harasim, pia wa Kanada, alibainisha hatua 3 za mbinu hii: kuibua mawazo, kuyapanga na kufikia mwafaka.

Hatua kwa mfano. Chukua swali hili wilayani Sikonge, mkoani Tabora: nani anamaliza misitu ya miombo? Katika hatua ya kwanza, mmoja ataandika kuhusu kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Mwingine atawatetea warina asali, wanaohitaji miti ichanue maua. Katika hatua ya pili atatokea wa kukumbusha kuwa mzinga wa gome nao huua mti unaobanduliwa. Hapo hoja hupangwa upya: tatizo si tumbaku wala asali, ni njia ya uzalishaji. Mwafaka huzaa pendekezo la pamoja: mabani yanayotumia kuni chache, mizinga ya mbao na upandaji miti.

Tanzania. Zipo taasisi zinazoweza kuitumia mbinu hii. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo Tabora. Kwa walimu, mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) huunganisha jumuiya za kujifunza shuleni na moduli za mtandaoni za Taasisi ya Elimu Tanzania.

Masharti. Mwalimu lazima aongoze: adai ushahidi, awavute walio kimya na azuie makubaliano ya haraka. Pale mtandao unapokatika mara kwa mara, mjadala wa maandishi hufaa kuliko video, kwa kuwa hutumia data kidogo na kila mtu hujibu anapopata nafasi. Alama nazo zitolewe kwa anayeboresha hoja ya mwenzake, maana anayepimwa peke yake atajifunza peke yake.